Tabia mbaya za wapuliza klarineti na namna ya kuzing'oa

Klarineti ikipiga yowe la "kwii" katikati ya wimbo, wa kwanza kulaumiwa huwa ridi, kile kibanzi chembamba kinachotikisika ukipuliza. Ridi inabadilishwa, yowe linarudi, na bendi nzima inaanza kuamini kwamba chombo ni kibovu. Mara nyingi chombo hakina neno: kidole kimeacha upenyo, au taya limebana. Ubaya wa tabia mbaya ni kwamba mwenye nayo haisikii tena, sikio limeshaizoea. Usiitafute kwa kusikiliza peke yake. Ipime.

Anza na vipande viwili tu. Chukua kinywa, yaani kile kipande chenye ridi, pamoja na shingo, kile kipande kifupi kinachofuata. Viungo vingine viache kwenye boksi. Washa programu ya kupimia sauti kwenye simu, iwe kwenye A = 440 (yaani noti A ya mitikisiko 440 kwa sekunde), halafu puliza kwa nguvu ya wastani. Kwa klarineti ya B-flati, ambayo ndiyo iliyoenea kwenye bendi, programu ionyeshe F#. Ikionyesha G, unang'ata ridi. Ikishuka hadi F au chini zaidi, midomo imelegea. Sauti ikipanda na kushuka, tatizo ni pumzi. Shikilia F# kwa sekunde 10 bila kuyumba, kisha ndipo uunganishe chombo kizima.

Kung'ata ndiyo tabia inayosumbua wengi, na huleta nyingine nyuma yake. Dalili zake: chale za meno ndani ya mdomo wa chini baada ya mazoezi, sauti nyembamba, noti za chini kugoma kutoka. Mtu hung'ata kwa sababu aligundua kwamba akibana taya noti ya juu inatoka, basi akafanya taya kuwa ngazi ya kupandia. Tiba inaanzia mahali mdomo unapokaa. Chukua kipande cha karatasi nyembamba, kipenyeze kati ya ridi na kinywa mpaka kigome kushuka. Hapo ndipo ridi inapoachana na kinywa. Weka mstari mdogo wa penseli kwenye ridi usawa huo; mdomo wa chini ukae hapo. Wanaoanza karibu wote huingiza kinywa kidogo mno, na ncha ya ridi inabanwa ishindwe kutikisika. Ukizidisha, sauti inakuwa pana na yowe linatokea bila taarifa.

Meno ya juu yakae juu ya kinywa, kama sentimita 1 kutoka nchani. Mdomo wa chini ukunjwe kidogo tu kufunika meno, nusu ya sehemu nyekundu ibaki nje. Kidevu kivutwe chini kiwe bapa, na pembe za midomo zikaze kuelekea kwenye kinywa, kama mtu anayetamka "u". Jitazame kwenye kioo: kidevu kikijikunja makunyanzi, bado unasukuma ridi kutoka chini. Mashavu yakivimba, pembe zimelegea. Kaza pembe, mashavu yatakaa yenyewe.

Kuna kipimo kingine cha kung'ata kinachohitaji mwenzako. Puliza E ya chini kabisa, vidole vyote vikiwa vimefunika. Mwenzako asimame nyuma yako, na bila kukwambia abonyeze kitufe cha rejista, kile kilicho juu ya tundu la kidole gumba cha kushoto. Noti iruke hadi B, noti ya 12 ukihesabu kuanzia hiyo E, nawe usiguse chochote mdomoni. Ikiruka safi, midomo yako ni mizima. Ikikwama au ikapiga yowe, ulikuwa umejiandaa kubana. Rudieni kwa F, ambayo itakupa C, kisha G, itakayokupa D.

Ridi ngumu nayo humfundisha mtu kung'ata. Anayeanza apewe namba 2 au 2½. Kuna imani kwamba namba kubwa ni ya fundi mkubwa, na imani hiyo inaharibu vijana wengi. Namba huendana na kinywa unachotumia na nguvu za midomo yako, basi. Hapa pwani, Lindi na Mtwara mjini, hewa ina unyevunyevu, na ridi ikiachwa kwenye kinywa ndani ya boksi huota ukungu. Ivue kila ukimaliza, ifute, iweke kwenye kifuko chake. Ukipanda Newala wakati wa kipupwe, mambo hugeuka: upepo huikausha, ncha inajikunja mawimbi. Hapo iloweke kwenye maji safi dakika 1 au 2 kabla ya kuifunga. Kwa kuwa ridi nzuri mara nyingi huagizwa Dar, usiichoshe moja mpaka ife. Andika namba 1 hadi 4 kwa penseli kwenye ridi nne, uzipige kwa zamu. Wakati wa kufunga, ncha ya ridi ikae chini ya ncha ya kinywa kwa unene wa unywele, na kibanio, ile pete inayofunga ridi kwenye kinywa, kikazwe kiasi cha kuishika tu.

Sasa vidole, na hapa ndipo yowe lingi huzaliwa. Pulizia mwendo wa dakika tano, kisha weka klarineti chini na uangalie matumbo ya vidole vyako. Utaona alama za duara zilizochongwa na matundu. Duara likiwa kamili na likiwa katikati ya tumbo la kidole, umefunika. Likikosa upande mmoja, mfano wa mwezi mchanga, upepo ulikuwa ukivuja hapo. Mara nyingi ni kidole cha pete cha mkono wa kulia, kwa sababu kinavutwa na kile kidogo kinachonyooshwa kufuata vitufe vya chini. Usitatue kwa kukandamiza. Mkandamizo unakaza mkono mzima na vidole vinakuwa vizito. Inua kiganja kidogo, vidole vipinde, funika kwa tumbo la kidole na wala si kwa ncha, kisha fungulia kwa kuinua sentimita 1 au 2. Anayerusha vidole juu hewani huchelewa kurudi.

Kidole gumba cha kulia kikae chini ya kishikizo kilicho nyuma ya chombo, kati ya kucha na kifundo cha kwanza. Klarineti ya mpingo, mti huohuo wa misitu ya Kilwa na Liwale, ina uzito wa karibu gramu 800, na mzigo wote unaegemea hapo. Ndiyo sababu watoto huegemeza kengele, yaani ule mwisho mpana wa chini, gotini. Wakifanya hivyo kichwa kinainama, kinywa kinaingia kwa pembe mbaya na koo linajikunja. Afadhali mkanda wa shingoni.

Kuvuka kutoka A ya koo (mojawapo ya noti za mwisho kabla ya rejista ya juu kuanza) kwenda B ya juu ni kizingiti cha kila mwanafunzi, maana kidole kimoja kinaondoka na karibu vyote vinatakiwa kutua pamoja. Dawa yake ni rahisi: ukiwa bado kwenye A, mkono wa kulia uwe umeshafunika matundu yake. Noti haitaharibika, na kazi inayobaki ni ya mkono wa kushoto peke yake. Kidole cha shahada kisiruke kwenda kwenye kitufe cha A; kibingirike kwa ubavu wake. Fanya A–B–A kwa metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo) ya mapigo 60 kwa dakika, noti moja kila pigo, dakika 5 kila siku, na usiongeze kasi mpaka upate kumi mfululizo bila yowe.

Kwenye pumzi, tazama mabega. Yakipanda, umevuta hewa ya juujuu. Lala chali kwenye mkeka, weka kitabu tumboni, vuta hewa mpaka kitabu kiinuke. Kisha simama ufanye vilevile.

Ulimi: wengi hukata pumzi kati ya noti na noti, kama wanaosema "hu-hu-hu". Pumzi isikatike. Puliza noti ndefu, na ncha ya ulimi iguse ncha ya ridi kidogo tu, "tu-tu-tu". Kidevu kikitikisika kwenye kioo, unatumia taya badala ya ulimi.

Mwisho ni sauti kupanda kwenye joto. Mchana wa Januari klarineti hupanda juu ya kinanda, na mpigaji hulegeza midomo ili ashuke. Anashuka kweli, ila sauti inapoteza umbo na tabia mpya inaingia. Vuta shingo milimita 1, pima tena. Kumbuka pia kwamba ukipuliza kwa nguvu klarineti hushuka, na ukipuliza taratibu hupanda, kwa hiyo pima kwa nguvu utakayopigia. Ukihitaji kuvuta zaidi ya milimita 2, usimalizie zote shingoni, kwa sababu G na A za koo zitashuka kuliko nyingine. Gawa kwa kuvuta kidogo kwenye kiungo cha katikati.