SOMO: Binadamu wa 3D aonekane hai – shughulika na macho kabla ya ngozi

Habari zenu wakuu. Somo hili ni la wanaotengeneza wahusika binadamu kwa Blender au programu nyingine ya 3D, na kila wakimaliza wanapata sura ya maiti. Naona kazi nyingi ambazo mtu amechonga vinyweleo vya pua kimoja kimoja, lakini ukimtazama mhusika machoni mwili unakusisimka. Tatizo hilo halitibiki kwa kuongeza vinyweleo.

Mwaka 1970 profesa wa roboti wa Japani, Masahiro Mori, alieleza kwamba kadiri roboti linavyofanana na mtu ndivyo tunavyolipenda, ila likikaribia sana bila kufika, mapenzi yanaporomoka ghafla. Filamu za kompyuta zimelipia somo hilo kwa pesa. Final Fantasy: The Spirits Within ya 2001 ilimpa mhusika wake mkuu nywele zipatazo 60,000, filamu ikala hasara na studio yake ya Honolulu ikafungwa. Novemba 2004 zikatoka mbili ndani ya wiki moja. The Polar Express ilinasa miondoko ya waigizaji halisi, Tom Hanks akicheza nafasi kadhaa, na wahakiki wengi wakalalamikia macho yasiyo na uhai. The Incredibles ilikuwa na watu wenye mabega mapana kupita kiasi na viuno vya nyigu, na watazamaji wakawapokea kama watu. Kila kitu chao kilitiwa chumvi kwa kipimo kimoja: macho, ngozi, mwendo. Shikeni hilo la kipimo kimoja.

Hatua ya 1: Amua kiwango cha uhalisia

Kabla ya kufungua programu, amua mhusika wako yuko wapi kati ya katuni na picha halisi, kisha usivuke hapo kwenye kiungo chochote. Mwaka 2007 watafiti wa Kijapani Seyama na Nagayama walionyesha kwamba uso unaofanana sana na wa mtu, ukipewa macho makubwa kupita kawaida, unawachukiza watazamaji. Ukitaka macho makubwa, rahisisha na ngozi.

Hatua ya 2: Macho

Hapa tumia muda mwingi kuliko kwingine kote. Tufe zima la jicho la mtu mzima lina kipenyo cha karibu milimita 24, na duara lenye rangi karibu 12. Usitengeneze tufe moja lililobandikwa picha. Tengeneza matabaka mawili: la nje linalopitisha mwanga, lenye kinundu mbele, na la ndani ambapo duara la rangi limezama kidogo. Kile kinundu ndicho kinachodaka mng'ao wa dirisha au taa, na bila mng'ao huo jicho halina uhai.

Weupe wa jicho usiwe mweupe wa karatasi. Uwe na ukijivu kidogo, pembeni uelekee uwaridi, na juu uangukiwe na kivuli cha kope. Weka pia ukanda mwembamba wa unyevu mahali kope ya chini inapokutana na jicho. Ni kazi ya dakika chache na inabadilisha uso mzima. Kope ya juu ifunike sehemu ya juu ya duara la rangi. Weupe ukionekana pande zote, mhusika atakuwa ameshtuka filamu nzima.

Sasa mwendo. Macho hayatelezi polepole kutoka kitu hadi kitu. Yanaruka, yanatua, yanaruka tena. Kwa fremu (picha moja moja za video) 24 kwa sekunde, mpe mruko mdogo fremu 2 hivi. Akitazama chini, kope zishuke pamoja na macho. Akipepesa, kope ishuke haraka kuliko inavyopanda. Na akimtazama mtu wa karibu, macho yote mawili yakutane kwenye uso wa yule mtu. Yakienda sambamba, anatazama ukuta ulio nyuma yake, na mtazamaji analijua hilo hata kama hawezi kulieleza.

Hatua ya 3: Uso unafanya kazi kwa pamoja

Mfaransa Duchenne aliandika mwaka 1862 kwamba tabasamu la kweli linahusisha msuli unaozunguka jicho. Mwaka 1978 Paul Ekman na Wallace Friesen walitoa mfumo unaoorodhesha vitendo vya misuli ya uso, na mpaka leo mafundi wengi wanaujengea nyuso. Kwa hiyo ukivuta pembe za mdomo, pandisha mashavu na kaza kope ya chini. Jirekodi kwa simu ukisema mstari husika, uutazame fremu kwa fremu. Utaona upande mmoja wa uso unatangulia mwingine. Uache hivyo kwenye kazi yako.

Hatua ya 4: Ngozi

Mwanga unaingia ndani ya ngozi, unatawanyika, kisha unatoka mahali pengine. Henrik Wann Jensen na wenzake walitoa njia nyepesi ya kukokotoa jambo hilo mwaka 2001, na mwaka uliofuata watazamaji wakaiona ngozi ya aina hiyo kwa Gollum, yule kiumbe wa filamu za The Lord of the Rings. Blender inakupa umbali wa mwanga kwa namba tatu, 1.0 ya nyekundu, 0.2 ya kijani na 0.1 ya bluu, maana wekundu ndio unaosafiri mbali zaidi. Kama modeli ina ukubwa halisi wa mtu, kipimo kinachozidisha namba hizo kiwe milimita chache tu. Ukizidisha, masikio na pua vinawaka kana kwamba kuna taa ndani.

Ngozi nyeusi ina mambo yake, na mafunzo mengi hayayagusi. Usichukue ngozi ya Mzungu ukaipunguza mwanga. Melanini, yaani rangi asilia ya ngozi, inafyonza mwanga mwingi, unaorudi kutoka ndani ni mdogo, kwa hiyo umbo la uso linabebwa zaidi na mng'ao wa juu ya ngozi. Tumia chanzo kipana cha mwanga kwa pembeni, na tengeneza ramani nzuri ya mahali pa mafuta na mahali pakavu. Viganja, midomo na kucha vipate rangi zao. Pixar walipotengeneza Soul (2020) walimshirikisha mpigapicha wa sinema Bradford Young kwa ajili ya mwanga wa ngozi nyeusi, kwa hiyo usione ni jambo dogo.

Hatua ya 5: Jaribio

Ondoa rangi na nywele zote. Renda (iache programu itoe picha za mwisho) sekunde 5 za uso wa kijivu wenye macho tu, akisikiliza mtu bila kusema. Akionekana anasikiliza, endelea. Asipoonekana, rudi hatua ya 2.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mkuu, laptop yangu haina kadi ya picha. Niache?*

Usiache kaka. Sekunde 5 ni fremu 120. Fremu moja ikichukua dakika 10 ni saa 20. Ikichukua dakika 1 ni saa 2. Chagua mtindo rahisi, tumia Eevee, injini nyepesi ya kurenda iliyomo ndani ya Blender, na nguvu zako zote ziende kwenye macho na mwendo. Hivyo havihitaji kadi.

*Mwalimu, nywele za kipilipili kila nikijaribu zinakuwa sponji. Nakosea wapi?*

Dada, hukosei peke yako. Hesabu nyingi za nywele zilibuniwa kwa nywele zilizonyooka. Theodore Kim wa Yale, A.M. Darke na wenzao walichapisha mwaka 2024 njia maalumu ya nywele zilizojisokota. Walichokiona unaweza kukiiga kwa mkono: karibu na kichwa kila unywele una njia yake, mbele kidogo ndipo unajifunga na majirani, msokoto mara nyingine unageuza mwelekeo, na baadhi ya nywele zinachomoka kwenye fundo lake. Kwa hiyo punguza kufungamana kwenye mizizi, geuza msokoto kwa baadhi, na acha chache zitoke.

*Nikinasa uso kwa iPhone, bado nahitaji hatua ya 2?*

Ndiyo. Mfumo wa Apple unakupa namba 52 za miondoko ya uso, na mdomo unakuja vizuri. Ila pitia kope na mwelekeo wa macho kwa mkono, shoti kwa shoti. Waliotengeneza Beowulf (2007) walibandika vihisi kuzunguka macho ya waigizaji ili wanase mizunguko yake.

*Kwa nini nisichukue MetaHuman tu, wale binadamu wa 3D waliotengenezwa tayari wa Epic Games?*

Chukua. Utapata ngozi na macho mazuri tayari. Mwendo wa macho utabaki kazi yako.