Kutoka Nairobi kwa Pikipiki Hadi Nchi Jirani: Karatasi, Ishara na Desturi za Barabarani

Anza na karatasi, kwa sababu ukifika mpaka wa Namanga au Busia ndipo ugundue kuwa umesahau hati mezani, hakuna la kufanya ila kugeuza pikipiki. Kitambulisho cha taifa kinamtosha Mkenya kuingia Uganda na Rwanda, lakini kwa Tanzania na Ethiopia beba pasipoti, pamoja na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Bima yako ya kawaida huishia mpakani. Mwombe wakala wako kadi ya njano ya COMESA, yaani bima ya chombo inayovuka mipaka, ambayo hutambuliwa hata Tanzania ingawa nchi hiyo ilijitoa katika jumuiya hiyo mwaka 2000. Ikiwa pikipiki ni ya mkopo na hati ya umiliki ina jina la mkopeshaji, tafuta barua yake ya idhini kabla ya siku ya safari. Forodha watakupa kibali cha muda cha kuingiza chombo, nawe usiondoke dirishani kabla ya kusoma tarehe ya mwisho iliyoandikwa humo.

Uganda na Tanzania huendesha upande wa kushoto kama sisi, ilhali Rwanda, Burundi, Ethiopia, Sudan Kusini na Kongo huendesha kulia. Mpakani penyewe, kwa mfano pale Katuna unapoingia Rwanda, hakuna hatari kubwa, kwa kuwa magari yako mbele yako na unayafuata tu. Hatari huja asubuhi ya siku ya pili, unapotoka kituo cha mafuta ukakuta barabara tupu, na mkono ukaipeleka pikipiki kushoto kwa mazoea. Bandika kipande cha utepe wenye mshale wa kulia juu ya tangi la mafuta, mahali ambapo jicho litauona kila unapowasha injini. Kumbuka pia kwamba ukiwa kulia unapita magari kwa upande wa kushoto, hivyo kioo cha kushoto ndicho cha kuangaliwa kwanza, na kwamba magari yaliyomo ndani ya mzunguko hukujia kutoka kushoto.

Ishara za madereva wa malori hazimo katika mtihani wa leseni, nazo ndizo zinazostahili kujifunza kuliko kitu kingine chochote. Katika nchi za kushoto, lori lililo mbele yako likiwasha indiketa ya kulia bila kukata kona, dereva anakuonya usipite, kuna kitu kinakuja. Akiwasha ya kushoto, anakuambia njia ni nyeupe. Katika nchi za kulia maana hugeuka, kwa hiyo ni rahisi kukumbuka kwamba taa inayomulika kuelekea katikati ya barabara ni katazo. Hata hivyo, usiichukue ruhusa yake kama amri: dereva wa lori hajui kama unaendesha chombo cha cc 600 au pikipiki ndogo ya Boxer iliyobeba mizigo ya wiki mbili, na wakati mwingine hiyo indiketa ya kushoto ina maana tu kwamba anataka kuegesha. Ukipita salama, honi fupi ya shukrani inatosha. Matawi mabichi yakitandazwa barabarani, punguza mwendo mara moja, kwani mbele, mara nyingi baada ya kona, kuna gari lililoharibika. Usiku matawi hayo hayaonekani hadi umeyakanyaga, na kwangu hiyo peke yake ni sababu tosha ya kulala mapema.

Tanzania ndiko Wanairobi wengi hupigwa faini. Katika vijiji kikomo ni kilomita 50 kwa saa, nacho huendelea hadi ukione kibao kinachokiondoa, hata kama nyumba zimekwisha zamani. Askari mwenye tochi ya kupima mwendo anaweza kuituma picha yako kwa simu kwa mwenzake aliye mbele, basi usishangae ukisimamishwa na mtu ambaye hukumpita. Ukisimamishwa, zima injini, vua kofia, na usalimie kabla ya jambo lolote: “Habari za kazi, afande,” au shikamoo kama amekuzidi umri. Ile desturi yetu ya kuuliza “Kwani nimefanya nini?” kabla ya salamu husikika kule kama ugomvi. Kosa likithibitika, omba namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali na ulipie kwa simu. Ukipitia Mikumi, kati ya Morogoro na Iringa, barabara kuu inakatiza hifadhini, na anayegonga mnyama hulipishwa faini kulingana na aina ya mnyama.

Kampala haina jipya kubwa kwa aliyezoea msongamano wa River Road, Nairobi. Rwanda ni kinyume: abiria ni mmoja tu naye huvaa kofia, na kamera za mwendo ni nyingi. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi ni siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya usafi na ujenzi, na asubuhi hiyo barabara hazitumiki kama siku nyingine. Panga kuvuka mpaka siku tofauti. Toa mifuko ya plastiki kwenye mizigo, ijapokuwa kwa Mkenya marufuku hiyo si ngeni tangu 2017.

Nchini Ethiopia, ng’ombe, punda na watembea kwa miguu hutumia lami kama njia yao ya kawaida, hivyo kasi ya Marsabit hadi Moyale iache Moyale. Saa huhesabiwa kuanzia alfajiri kama katika Kiswahili, lakini fundi akikuahidi pikipiki saa nane, muulize kama ni saa ya kwao au ya wageni. Addis Ababa ilizuia pikipiki zisizo na kibali mwaka 2019. Ulizia kanuni inayotumika ukiwa bado Hawassa, na ikibidi acha pikipiki huko uingie mjini kwa basi.