Alovera na rozimeri: zote zinavumilia ukame ila usizimwagilie sawa

Watu wengi wakisikia mmea unavumilia ukame wanaelewa kwamba ukishapanda basi, kazi imeisha, unaenda zako. Sio hivyo. Alovera (mshubiri kwa jina la zamani) na rozimeri zinatajwa pamoja kila mtu akiuliza apande nini mahali penye shida ya maji, na kweli zinafaa, lakini zinakabiliana na kiu kwa njia mbili tofauti kabisa na ukizitunza kwa mtindo mmoja lazima moja ikufie. Mi zimenifia rozimeri mbili kabla sijashtuka.

Iko hivi, alovera ni tangi la maji. Lile jani nene limejaa ute, na ute wenyewe karibu wote ni maji, alafu vitundu vyake vya kupumulia vinafunguka usiku hewa ikishapoa badala ya mchana kama mimea mingi, kwa hiyo jua halimnyonyi hovyo. Rozimeri haina tangi lolote, yenyewe inabana matumizi tu: majani membamba kama sindano, juu yana ngozi ngumu, kingo zimekunjwa kwa ndani na upande wa chini kuna vinyweleo vyeupe vinavyozuia upepo usikaushe jani. Mengine inategemea mizizi iende ikatafute unyevu mbali. Ndo maana rozimeri iliyo ardhini ikishashika ni ngumu kama jiwe, lakini hiyo hiyo ukiiweka kwenye kopo mizizi haina pa kwenda, udongo ukikauka hadi chini imeisha hiyo.

Na ubaya wa rozimeri haisemi. Alovera ikiwa na kiu jani linakonda, linajikunja katikati kama mfereji, ncha zinakauka, yaani unaiona kabisa inaomba maji, ukiipa siku chache tu imenenepa tena. Rozimeri hailegei kama mimea mingine, inabaki imesimama vizuri na rangi yake, siku unapita unaigusa majani yanapukutika mkononi, kumbe ilikufa siku nyingi.

Sasa kumwagilia. Rozimeri ya kwenye chungu usiisubiri ikauke kabisa: chomeka kidole sentimita 3 hivi hadi 5, pakiwa pakavu mwagilia mpaka maji yatoke kwenye matundu ya chini, pakiwa na unyevu achana nayo. Wakati wa joto inaweza kuwa mara moja au mbili kwa wiki. Ya ardhini isimamie mwaka wa kwanza tu, baadae utaikumbuka kiangazi kikiwa kikali sana. Alovera ni kinyume, subiri udongo wote ukauke hadi chini, inaweza kuchukua wiki 2 au 3, na kipindi cha baridi hata zaidi ya mwezi. Ukimwagilia elekeza kwenye udongo, maji yakituama katikati ya majani moyo unaoza. Na jani likiwa laini, limelegea na rangi kama limechemshwa, hiyo sio kiu jamani, ni maji mengi, hapo watu wengi ndo wanaongeza tena maji wanaimalizia.

Udongo hapo hazigombani, zote hazitaki miguu iliyolowa. Changanya udongo wa kawaida nusu, nusu nyingine mchanga mkubwa au kokoto ndogo, chungu kiwe na matundu, na kama una chungu cha udongo wa kuchoma ni bora kuliko plastiki kwa sababu kinapumua. Udongo wa mfinyanzi inua kwanza tuta. Mbolea usizidishe, hasa kwa rozimeri, ukiishindilia samadi inarefuka laini laini na harufu inapungua, na harufu ndo tuliyoifuata.

Jua rozimeri inataka la moja kwa moja, masaa 6 kwa siku kushuka chini, hapana, na hewa ipite, ukiibana kona yenye giza inaota ukungu mweupe kama unga. Alovera inapenda mwanga pia ila ikitoka ndani usiibwage juani siku hiyo hiyo, itageuka nyekundu ya kahawia, izoeshe taratibu kama wiki 2. Kwenye baridi ya barafu alovera ndo inaanza kufa, maji ya ndani yanaganda jani linakuwa uji. Rozimeri kubwa inaweza kustahimili nyuzi chache chini ya sifuri.

Kuzalisha alovera ni rahisi mno, vitoto vinatoka vyenyewe pembeni, subiri kiwe na majani manne matano, kichomoe na mizizi yake, kiache kivulini siku 2 au 3 kidonda kikauke ndo upande. Kuchomeka jani kwenye udongo acha, linaoza tu. Rozimeri usihangaike na mbegu, zinachelewa na nyingi hazioti. Kata ncha ya tawi laini sentimita 10 hadi 15, ondoa majani ya nusu ya chini, chomeka kwenye mchanga wenye unyevu, weka kivulini, mizizi inachukua wiki 4 hadi 8. Chomeka matano, yakitoka mawili umefanikiwa.

Matumizi ndo yanaachana kabisa. Rozimeri ni ya jikoni, kwenye nyama, viazi, mkate, chai, na ukiipanda mstari unapata uzio mfupi wenye maua ya bluu ambayo nyuki wanayapenda sana. Unapovuna kata ncha zenye majani, usishuke hadi kwenye mti mkavu usio na jani, pale haichipui tena. (Ukikuta kibandiko kimeandikwa Salvia rosmarinus usidhani umeuziwa kitu kingine, ni ile ile Rosmarinus officinalis, wanasayansi waliihamisha jina 2017.)

Alovera ni ya ngozi, ute unapoza ukiungua kidogo au jua likikuchoma. Kata jani la nje kabisa, lisimamishe dakika 10 hadi 15 utomvu wa njano uchuruzike, osha, ndo umenye. Huo wa njano unawasha ngozi za baadhi ya watu na ukiumeza unaharisha vibaya, kwa hiyo hii habari ya kusaga jani zima na ganda lake mtu anywe kila asubuhi mi siiungi mkono, mjamzito ndo kabisa asiguse. Mbwa na paka pia inawadhuru wakitafuna.

Kuzipanda chungu kimoja kwa sababu zote ni za ukame, hapana, ukimpa mmoja maji yake mwingine anaumia. Kama nafasi yako ni dirishani tu chukua alovera, rozimeri subiri upate sehemu ya nje.