Kabla Hujabadilisha Prosesa, Soma Hapa

Soketi kwanza, yaani pale kwenye bodi kuu ya kompyuta prosesa inapokaa. Bodi ya AM4, soketi ya AMD, inapokea prosesa za AM4 tu, kama Ryzen za zamani. AM5, iliyotoka 2022, inataka bodi nyingine na RAM za DDR5, kwa hiyo hapo hununui prosesa peke yake. Kwa Intel, LGA1700 ni ya kizazi cha 12, 13 na 14. Soma jina la bodi yako, limechapishwa kwenye bodi yenyewe, kisha uangalie kwa mtengenezaji inakubali prosesa gani na inataka BIOS (programu ya bodi inayoiwasha kompyuta) toleo gani. BIOS isasishe prosesa ya zamani ikiwa bado imo ndani, na usithubutu bila UPS, betri ya akiba ya kompyuta. Stima ikikatika katikati, bodi inaweza kufa hapo hapo.

Joto na umeme. Ryzen 5 2600 niliyokuwa nayo ni ya wati 65 na ilikuja na feni yake. Ryzen 9 5900X niliyonunua ni ya wati 105, na ndani ya boksi hamna feni. Core i9-14900K hufika wati 253 ikikazana. Jumlisha na kadi ya video kabla hujaamini pawa saplai yako. Chumba cha juu hapa Amu (Lamu) mchana wa kaskazi ni tanuri, nunua feni kubwa.

Kutoa feni ya zamani: washa kompyuta dakika chache pesti, ile dawa ya kupitisha joto kati ya prosesa na feni, ilainike, uzime, uchomoe waya, ndipo uizungushe feni kushoto kulia taratibu. Ukiivuta kwa nguvu, prosesa ya AM4 hung'oka nayo, na ina pini 1331 nyembamba kama nywele.

Sasa hili ndilo lililonifanya niandike.

Nahariri video za harusi, upande wa wanawake. Kwenye kupamba watu wamevua mabuibui, vichwa wazi, na picha zile hunikabidhi kwa sharti moja: asizione mwanamume. Siku niliyobadilisha prosesa nilikuwa na harusi mbili ndani ya diski, wala sikuwa na nakala. Nikapaka pesti, nikakaza skrubu, nikawasha. Badala ya Windows yakatokea maandishi kwenye skrini nyeusi: prosesa mpya imewekwa, bonyeza Y kufuta kumbukumbu za fTPM (sehemu inayotunza funguo za siri za kompyuta), au N kuziacha. Nikabonyeza Y, maana nilitaka iendelee.

Ikaja skrini ya buluu ya BitLocker, kufuli la Windows la kufunga diski isisomeke bila ufunguo, inadai ufunguo wa tarakimu 48.

Sikuwahi kuweka ufunguo wowote maishani mwangu. Kumbe Windows 11 kuanzia toleo la 24H2, la mwaka 2024, ukiisakinisha upya na kuingia kwa akaunti ya Microsoft, kwa kawaida hufunga diski yenyewe bila kukuuliza. Kila ukiwasha, fTPM ndiyo inayoifungua, na kwenye Ryzen fTPM hufanya kazi ndani ya prosesa. Nikarudisha prosesa ya zamani: hola. Y ilikuwa imeshafuta. Ningebonyeza N, ile ya zamani ingeweza kuniokoa.

Tarakimu zile huhifadhiwa kwenye akaunti iliyotumika kusakinisha. Kijana aliyeniwekea Windows huko Mombasa alitumia akaunti yake mwenyewe, na siku nne simu yake haikupatikana. Mama wa bibi harusi alipita kila alasiri, anasimama dakani. “Mwanangu, bado tu?” Sikuwa na uso wa kumtazama.

Siku ya tano kijana akashika simu. Kwenye skrini ile ya buluu pana kitambulisho cha ufunguo. Nikamsomea herufi nane za mwanzo, akazitafuta katika orodha ndefu ya wateja wake, kisha akanisomea makundi manane ya tarakimu sita sita. Niliyaandika nyuma ya kadi ya mwaliko, mkono unatetemeka. Diski ikafunguka. Lakini fikirieni: funguo za watu wote wale ziko kwenye simu ya mtu mmoja, na wenyewe hawajui.

Basi kabla hujagusa skrubu, ingia kwenye mipangilio ya usalama ya Windows utazame kama diski imefungwa. Hakikisha akaunti ni yako. Chukua tarakimu zako, ziandike kwenye karatasi, na karatasi isikae karibu na kompyuta. Kisha zima ufungaji huo wa diski na usubiri hadi diski ifunguke kabisa. Huenda ikachukua muda mrefu. Ukishamaliza kazi, ifunge tena. Kwa picha kama zangu, diski iliyofungwa ni sitara. Wenye Intel nao wasijione salama: kubadilisha bodi, au kusasisha BIOS tu, kunaweza kuileta skrini ile ile.

Nakala weka kwenye diski ya nje, tena uifungue uone video inacheza. Ukiuziwa Core i9 ya kizazi cha 13 au 14 iliyotumika, uliza kwanza: mwaka 2024 Intel walikiri nyingine zilikuwa zinaharibika kwa volti kupita kiasi, wakatoa marekebisho yanayoingia kupitia BIOS. Boksi la prosesa likishukia Mokowe, bandari ya bara tunakopandia boti, lipakate mwenyewe kwenye boti, lisitupwe chini kwenye maji ya chumvi. Na kazi hii usiifanye wiki ya harusi.