Unaishi na mcheza baleti? Soma hii kabla hujamwambia "umepungua"

Nimekaa nyumba moja na dada anayecheza baleti ya kulipwa huku Ujerumani, miaka mitatu sasa, na mwanzoni nilikuwa nakosea kila kitu mpaka salamu. Kwetu Bongo kumwambia mtu umenenepa ni kama kumsifia, maisha yamemkubali, sasa mwambie hivyo mtu anayeshinda mbele ya kioo kuanzia saa nne asubuhi na nguo ya kubana uone. Na "umepungua" ndo mbaya zaidi, maana ataisikia kama pongezi na kesho yake anaruka chakula. Kwa hiyo mwili wake usiuzungumzie kabisa, hata kwa nia njema. Muulize kalala vipi, basi.

Chakula nacho usimhesabie vijiko. Pika, weka mezani, kaa ule naye, piga stori za mambo mengine. Ila macho yawe wazi: akianza kukata nyama vipande vidogo vidogo na kuvizungusha tu kwenye sahani, akiwa anasikia baridi wakati wenzake wanatoka jasho, hedhi imekata miezi mitatu, mifupa ya mguu inapata nyufa kila mara, hapo usijidanganye kwamba ni nidhamu ya kazi, ni daktari. Na usidhani akishakuwa staa yanaisha, Gelsey Kirkland aliyetamba New York City Ballet na American Ballet Theatre alieleza mwenyewe mwaka 1986 habari za kujinyima chakula na kokeini. Wanaume nao wamo. Sergei Polunin aliondoka ghafla Royal Ballet ya London Januari 2012, na alikuwa mcheza mkuu pale, kijana mdogo tu.

Usiku wa shoo atarudi mwili umechoka ila kichwa kimewaka, mpaka saa nane hajalala. Bili za umeme na ugomvi wa vyombo viache mpaka kesho.

Akiumia ndo kazi inaanza. Maumivu ya enka anayamudu, kinachomla ni kukaa pembeni akimwangalia mwenzie anacheza nafasi yake. Mtoe nje, sokoni, kanisani, kwenye darasa la lugha, popote ambapo hakuna anayejua baleti. Akikubali kuonana na mwanasaikolojia, aulize mapema kama habari zake zinafika kwa bosi, kwa sababu bosi huyohuyo ndo anapanga nani acheze nini, na kama jibu halieleweki atafute wa nje ya kampuni. Akisema hataki kuishi, muulize wazi kama anawaza kujiua, usimwache peke yake, na huku Ujerumani namba ya dharura ni 112.

Halafu kuna Oktoba. Mikataba mingi ya huku ni ya msimu mmoja mmoja, na kwa miaka mingi utaratibu umekuwa kwamba kampuni ikitaka kukuacha lazima ikujulishe kabla tarehe 31 Oktoba haijapita, tena wanakuita ofisini kwanza kukusikiliza. Yaani mwezi mzima mtu anaruka na kutabasamu jukwaani huku tumbo limekaza. Mwenzangu simu ikiita mchana anaiangalia kwanza kama nyoka ndo anapokea. Usimwambie "Mungu atafungua mlango mwingine", mlango wenyewe bado haujafungwa! Mimi nilichofanya ni kumsaidia kukata video zake na kupanga CV mapema, Septemba, kabla hofu haijaingia, hata kama hatazihitaji.

Tarehe 1 Novemba napika pilau. Mwaka wa kwanza alirudia sahani mbili, mimi nikajifanya natafuta pilipili.