Kujinoa kwenye uraibu na afya ya akili ukiwa kituo cha mbali: anza na kesi, sio cheti

Niseme mapema tu, vyeti vya semina ninavyo vya kutosha, na bado kuna usiku nilimfunga mgonjwa kitandani kwa shuka kwa kitu ambacho nilishafundishwa miezi kama mitano nyuma. Jamaa alilazwa na kidonda cha mguu, mtu mpole, siku ya kwanza tunataniana nae vizuri tu. Siku ya pili mikono inatetemeka, jasho linamtoka, presha imepanda, tukasema homa ya kidonda hiyo. Usiku wa tatu anaokota wadudu kwenye shuka ambao hawapo, anataka kutokea dirishani, anamuita mtu aliyekufa zamani. Mwenzangu wa zamu akasema huyu kashapata wazimu, mi nikasema labda bakteria wameingia kwenye damu, hakuna aliyesema hii ni pombe aliyoiacha ghafla, wala hakuna aliyekuwa amemuuliza anakunywa kiasi gani na mara ya mwisho ilikuwa lini. Makaratasi ya semina yalikuwa kwenye droo ya meza ile ile niliyoandikia ripoti. Asubuhi akapewa rufaa, akapona, ila mimi ile shuka sijaisahau.

Kwahiyo hii ni kwa nesi, tabibu, mkunga, yeyote aliye kwenye kituo ambacho daktari wa akili yuko safari ya siku nzima, na anataka kujifunza haya mambo kwa namna ambayo itamfaa saa nane usiku. Sisemi usiende semina, nenda. Ila semina peke yake haibadilishi mikono, na hili hata wenye fani wameliona. William Miller, ndio huyo aliyeanzisha ile namna ya kuongea na mgonjwa mpaka aitoe mwenyewe sababu ya kubadilika, mwaka 2001 yeye na mwenzake Mount waliwafuatilia watu waliopita kwenye warsha, wakakuta watu wanajiona wamebadilika kuliko walivyobadilika kweli. Mwaka 2004 Miller na wenzake wakapima tena kwa mpangilio mkubwa zaidi, waliofanya vizuri ni wale ambao baada ya warsha waliendelea kupata mtu wa kusikiliza kazi yao na kuwaambia hapa sawa, hapa umepotea. Hiyo ndio sehemu tunayoikosa huku, na ndio sehemu ya kujitengenezea.

Anza na daftari. Wiki mbili usisome chochote, andika tu kila mgonjwa aliyekuacha unakuna kichwa. Mama anayerudi kila wiki na kichwa kinauma na vipimo vyote safi, kijana hajalala siku tatu na anaongea kama redio, mtu mzima kifafa kimemuanza na miaka 45 na siku mbili nyuma alikuwa kaacha pombe ghafla kwa sababu familia ilimkalia kikao, mjamzito anayenukia pombe na wewe ukajifanya hujasikia. Jina usiandike, andika umri wa kukadiria, shida, ulifanya nini, ulikwama wapi. Wiki mbili zikiisha mtaala unao, wala haufanani na wa mwenzako wa kituo kingine, ndio maana kozi za jumla jumla mara nyingi zinakupita pembeni.

Alafu chagua kipimo kimoja tu ukijue mpaka usingizini. Mi ningeanza na pombe, mana iko kila mahali na watu hatuulizi. Shirika la Afya Duniani (WHO) lina dodoso linaitwa AUDIT, lilitoka 1989, maswali 10, alama 0 mpaka 40, na kuanzia 8 ujue unywaji umeshafika pa kuleta madhara. Kama foleni ni ndefu chukua yale maswali matatu ya mwanzo peke yake (wanayaita AUDIT-C): unakunywa mara ngapi, siku ukinywa unakunywa vinywaji vingapi, na ni mara ngapi unafikisha sita au zaidi kwa mkao mmoja. Hapo alama ni 0 mpaka 12, kwa kawaida 4 kwa mwanaume na 3 kwa mwanamke inatosha kukufanya uendelee kuuliza.

Shida haiko kwenye maswali, iko kwenye mdomo. Ukimuuliza mtu "unakunywa pombe?" huku unaandika na hujamwangalia, atakujibu "kidogo tu", na kidogo ya mtu ni ndoo ya mwenzake. Jaribu hivi: "Kila anayekuja hapa namuuliza kuhusu pombe, sigara na dawa za kulevya, kwa sababu vinaingiliana na matibabu. Naweza kukuuliza na wewe?" Alafu nyamaza. Kweli kabisa, nyamaza, sekunde tano tu, ni ngumu kuliko unavyodhani. Fanya mazoezi kwa sauti na mwenzako chumba cha chai, mmoja awe mgonjwa mbishi, mara kumi, mpaka maneno yasikike kama yako.

Na hapo kwenye "vinywaji vingapi" usipite haraka. Kinywaji kimoja kwenye AUDIT ni kama gramu 10 za pombe halisi. Hesabu yake: mililita mara asilimia ya pombe, gawa kwa mia, alafu zidisha kwa 0.8. Chupa ya mililita 500 yenye asilimia 5 inakupa gramu 20, yaani anayekwambia "chupa tatu" kanywa vinywaji sita. Sisi siku moja tulikusanya vikombe na makopo ambayo watu wetu wanayatumia kunywea, tukachukua jagi la kupimia tukapima kimoja kimoja, tukaandika kwenye karatasi tukabandika nyuma ya mlango. Nusu saa tu, na ni somo bora kuliko slaidi zote nilizowahi kuangalia. Pombe isiyo na lebo asilimia yake huijui, hapo kubali kukadiria, bora makadirio kuliko kuacha wazi.

Swali la mwisho kabla mtu hajalazwa, kwa kila mtu, kidonda, nimonia, mguu uliovunjika, lolote: mara ya mwisho kunywa ilikuwa lini? Kutetemeka na jasho huanza ndani ya masaa 6 mpaka 24 tangu aache. Degedege mara nyingi linakuja kati ya masaa 6 na 48. Kuweweseka, kule kuokota wadudu, ni siku ya pili mpaka ya nne. Ukiweka tarehe na saa kwenye faili unajua usiku gani wa kukaa macho, na kama mwongozo wenu una diazepamu (dawa ya kutuliza) unaanza mapema kabla mtu hajafika dirishani. Thiamini (vitamini B1) itangulie dripu ya sukari, hili lirudieni mpaka lichoshe. Na tofauti hii ikae kichwani: arosto ya unga, yaani mateso ya kukosa heroini, inatesa vibaya sana ila mtu mzima asiye na ugonjwa mwingine ni nadra imuue yenyewe, ya pombe inaua, na ya kuacha ghafla dawa za kutuliza kama diazepamu aliyozoea kwa muda mrefu nayo inaweza kuua. Hatari ya wa unga inakuja baadae, akirudia dozi yake ya zamani wakati mwili umeshapoteza mazoea. Huyo na ndugu zake wafundishwe kabisa dalili za kuzidisha dozi, na kama naloksoni (dawa ya kumzindua aliyezidisha unga) ipo wajue inatumikaje.

Cha kusoma, usitafute mbali. WHO ilianzisha mpango wa mhGAP mwaka 2008 kwa ajili yetu hasa, watu ambao sio wabobezi wa akili, mwongozo wake wa tiba ukatoka 2010 na toleo la pili 2016. Ni bure. Mtandao ukiwa mzuri pakua faili zima, chapisha kurasa za pombe, za dawa za kulevya, za sonona na za kujiua, nyingine zisubiri. Sura moja kwa mwezi, isome ukiwa na kesi ya daftari pembeni, ukisoma bila kesi unasinzia, mi nasinzia.

Sasa yule mtu wa kukwambia umepotea wapi. Sanjeev Arora, daktari wa ini wa New Mexico kule Marekani, mwaka 2003 alichoka kuona wagonjwa wa homa ya ini C wanasubiri miezi na kusafiri mbali kumuona, akaanza kukutana kwa video na madaktari wa vijijini, kila wiki, wanaleta kesi zao na wanazijadili pamoja. Mwaka 2011 wakachapisha matokeo: wagonjwa waliotibiwa huko vijijini walipona sawa na wale wa kliniki ya chuo kikuu. Mpango unaitwa Project ECHO, sa hivi uko nchi nyingi, na uraibu na afya ya akili vimo. Tafuta kama kuna kundi linalokufaa ujiunge. Kama hakuna, iga mfumo: vituo vitatu au vinne, saa moja siku ile ile kila wiki mbili, dakika 15 mtu anafundisha kitu kimoja, zinazobaki zote ni kesi, mbili tu. Mkamateni mbobezi mmoja akubali hiyo saa, wengi wanakubali ukiwaomba kitu kidogo chenye mwisho unaojulikana. Mtandao ukigoma kwa video, simu ya sauti inatosha.

Ila jamani siri. Kijijini kutotaja jina haitoshi. Ukisema "mwalimu wa kike, ana mapacha, mume yuko nje" umeshamtaja. Badilisha kazi, badilisha umri, picha usitume kabisa, na sauti za WhatsApp za kujadili mgonjwa zifutwe baada ya kikao.

Kwenye mafunzo waingize mlinzi na dada wa mapokezi pia. Mgonjwa akisikia "teja lako limekuja" pale mlangoni, ustadi wako wa kusikiliza huko ndani hauna kazi tena. Tulikubaliana kusema "mtu anayetumia", mwanzoni tulikuwa tunachekana, baada ya wiki kadhaa ikazoeleka, mlinzi ndio akawa anatusahihisha sisi.

Kuhusu dawa za kutibu uraibu wa unga wenyewe, methadoni na buprenofini ziko kwenye orodha ya dawa muhimu ya WHO tangu 2005, lakini nani anaruhusiwa kuziandika inategemea sheria ya nchi yako, isome hiyo kabla ya kulipia kozi. Pointi za leseni hivyo hivyo, uliza baraza lako kwa maandishi kama kozi inahesabika, alafu ndio ujisajili.

Mwisho wa mwezi fungua rejista uhesabu vitu viwili: wangapi waliulizwa, na kati ya waliokutwa na shida wangapi walirudi mara ya pili. Mwezi wetu wa kwanza safu ya pili ilikuwa na mtu mmoja, mwenye kidonda cha mguu, alirudi kubadilisha bandeji akakaa akasema yuko tayari sasa kuulizwa yale maswali.