Mambo ya kuzingatia kabla hujaingiza video za kamera kwenye programu ya kuhariri

Programu ikikataa video zako, usianze kwa kuifuta na kuipakua upya. Nimehariri harusi na mahafali tangu enzi za kanda, na nikichunguza nakuta mara nyingi tatizo lilianza pale kadi ilipotolewa kwenye kamera, kabla programu yenyewe haijafunguliwa. Anzia huko.

Betri iwe imejaa. Ukiwa na kisoma kadi, kitumie badala ya waya wa USB. Kile kitelezi kidogo pembeni mwa kadi ya SD kisukume upande wa kufunga, ili kompyuta isome tu bila kuandika kitu. Pima nafasi: saa moja ya AVCHD (mfumo wa kurekodi wa kamera nyingi za video) kwa ubora wa juu hula GB 10 hivi, na utahitaji nafasi hiyo mara mbili kwa sababu utaweka nakala mbili. Diski ya nje iliyofomatiwa (yaani kupangwa upya ipokee mafaili) kwa mfumo wa zamani wa FAT32 haipokei faili linalofika GB 4 hata kama ina terabaiti nzima tupu. Ifomati upya kwa exFAT, mfumo usio na kikomo hicho, ingali haina kitu, maana kufomati kunafuta kila kilichomo.

Wenye kanda za MiniDV, zile ndogo za kamera za zamani, subira. Kanda inachezwa mwanzo hadi mwisho huku kompyuta ikirekodi: saa moja ya kanda ni saa moja ya kukaa, na hula GB 13 hivi. Njia yake ni tundu la FireWire, la waya wa kupitisha video, si la USB. Tundu la USB kwenye kamera nyingi za aina hiyo ni la picha za mnato, ndiyo maana unachomeka na video haionekani.

Sasa hili lisome mara mbili. AVCHD, mfumo ulioletwa na Sony na Panasonic mwaka 2006, hauweki video peke yake kwenye kadi. Ukifungua unakuta folda ya PRIVATE, ndani yake AVCHD, kisha BDMV, na humo STREAM, CLIPINF na PLAYLIST. Video zimo kwenye STREAM, zikiitwa 00000.MTS, 00001.MTS na kuendelea. Anayefika hapo mara ya kwanza huchukua MTS na kuacha mengine, akidhani ni takataka. Ndivyo nilivyofanya mimi.

Ilikuwa harusi ya Tanga. Kadi ya kwanza ilikuwa na nikahi, ya pili sherehe ya usiku ukumbini. Zote nilikuwa nimezifomati asubuhi ileile, kwa hiyo kamera ilihesabu upya kwenye kila moja, kuanzia 00000. Nilirudi saa nane usiku, nikafungua folda moja nikaiita Harusi, nikamwaga humo MTS za kadi ya kwanza, kisha za pili. Kompyuta ikauliza kama mafaili yenye majina yaleyale yabadilishwe. Nikakubali yote, nikalala. Kesho yake nilikuwa na kazi nyingine, nikafomati kadi zote mbili nikaondoka nazo.

Siku ya kuhariri ndipo nilipoona nikahi haipo. Zilikuwa zimesalia klipu chache za mwisho, zile ambazo namba zake zilizidi za ukumbini: watu wakila pilau, watoto wakikimbizana uani. Programu za kurejesha mafaili zilinipa vipande vya sekunde chache, maana kadi ilikuwa imeshaandikwa upya. Baba wa bibi harusi ndiye aliyemwozesha binti yake kwa kinywa chake mwenyewe, ameketi kwenye kiti kwa sababu miguu ilikuwa ikimsumbua. Alifariki kabla mwaka haujaisha. Binti alikuja kwangu, hakugombana, aliniomba tu nimtafutie sauti ya babake. Sikuwa nayo. Pesa nilirudisha, lakini hakuwa amefuata pesa.

Kwa hiyo kila kadi iwe na folda yake, yenye tarehe na namba ya kadi, na humo unakili kadi nzima kama ilivyo, kuanzia PRIVATE. Kompyuta ikiuliza habari za kubadilisha faili, kataa, kisha tazama unachokifanya. Usifomati kadi mpaka nakala mbili ziwe kwenye diski mbili tofauti, na uwe umefungua klipu ya kwanza, ya katikati na ya mwisho ukazitazama kwa macho.

Kunakili kadi nzima kunakuokoa na jambo jingine. Kamera hukata rekodi ndefu vipande vya GB 4 au GB 2, hivyo hotuba ya dakika 50 inaweza kuwa mafaili matatu. Yale ya CLIPINF na PLAYLIST ndiyo yanayoijulisha programu kwamba ni rekodi moja. Ukiyaacha, sauti huruka kwenye kila kiungo. Kama yameshapotea, jaribu amri hii kwenye Windows: copy /b 00001.MTS+00002.MTS nzima.MTS

VLC, programu ya kutazamia video, kuicheza video yako si dalili kwamba programu ya kuhariri itaipokea, kwa sababu VLC huja na kodeki zake, yaani vifungua video na sauti. Picha ikionekana bila sauti, shuku Dolby Digital, aina ya sauti ambayo AVCHD nyingi huitumia. Geuza sauti peke yake kwa ffmpeg, programu ya kubadilisha video kwa kuandika amri, picha usiiguse: ffmpeg -i 00001.MTS -c:v copy -c:a pcm_s16le 00001.mov. Kamera mpya na simu hurekodi kwa H.265, mfumo wa kubana video ambao kompyuta ya zamani huubeba kwa shida; tengeneza nakala nyepesi za kuhariria. Za simu zina ugonjwa wao, fremu, yaani idadi ya picha kwa sekunde, hupanda na kushuka, mwishowe sauti inaachana na midomo. Zipitishe kwanza HandBrake, programu ya kugeuza video, uchague idadi ya fremu isiyobadilika.

Ukishaanza kuhariri usihamishe folda wala kubadilisha majina, programu itasema haioni faili. Kompyuta ya mezani iwe na UPS, yaani betri ya akiba, umeme haukupi taarifa. Usichomeke kadi ya mteja kwenye kompyuta ya mtu usiyemjua, virusi vya kuficha mafolda bado vipo. Kadi mpya ya bei ya kutupa ijaribu kwa H2testw, programu ya kupima ukubwa halisi wa kadi, kabla hujaipeleka kazini, nyingi huandikwa GB 64 na ndani hazifiki. Na ukirudi umechoka, acha kadi kwenye kikasha chake hadi asubuhi.